Saturn Haikuungua

Njoro,
Jumapili, Aprili 2008

Kwa kaka yangu Kimaiyo,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Natumai u mzima wa afya, na kwamba ile baridi ya Minnesota uliyoilalamikia imepungua na mafua yamekuacha. Sisi huku tunapumua. Mama yuko salama, ila goti linamsumbua akikaa sana kwenye kigoda cha kukamulia. Mvua imeanza vizuri, shamba la juu limelimwa, na yule ng'ombe mwekundu uliyemwacha ndama amezaa tena. Kama ingekuwa ni afya tu unayoulizia, ningeishia hapa nikatia sahihi.

Barua yako niliipata. Umeniandikia kurasa mbili nzima kuhusu ile Saturn: kwamba huko uliko umekutana na wazungu wanaokusanya mashine za gemu za zamani, kwamba wanasema ile ilidharauliwa bure wakati wake, ilikuwa mashine nzuri iliyokosa bahati, na kwamba ulipowaambia unayo moja Kenya hawakuamini. Umenitaka niifunge vizuri kwa blanketi, pamoja na transfoma yake, nimpe kijana wa mwalimu Kipsang anayesafiri mwezi wa tano. Kuhusu sisi umeandika mstari mmoja mwishoni, kwamba unatumaini zile fujo ziliisha. Ziliisha, kaka. Zilipoisha mimi nilikuwa sina biashara, sina rafiki, na nusu ya mtaa wa Free Area inaamini nilimuuza Wangui kwa watu waliomchomea nyumba. Hilo ndilo linaloninyima raha, nami nimekaa kuandika mpaka nilimalize. Tafuta kiti.

Unauliza kama naikumbuka siku uliyoileta nyumbani. Naikumbuka kuliko unavyodhani. Miaka ile kila kijana Nakuru alikuwa anaota PlayStation, kwa sababu fundi akishaifungua kidogo ilikubali CD za kunakiliwa, zile zilizoandikwa majina kwa kalamu nene na kuuzwa vichochoroni kama njugu. Wewe uliuza ndama wako wa dume ukaenda mjini kwa mzee Kanji, ukakuta PlayStation zimekwisha, na juu kabisa ya rafu, kando ya pasi za umeme, kuna sanduku ambalo hakuna mtu aliyeliulizia tangu lifike. Mzee Kanji hakukudanganya. Alikueleza wazi kwamba hiyo haikubali CD ya kunakili hata ukiipigia magoti, kwamba ina gemu mbili tu, na kwamba ni ya Japani, kwa hivyo ukiichomeka ukutani bila transfoma itaungua papo hapo. Wewe ulisikia bei, mengine yote yakapitia sikio hili yakatokea lile.

Wenzako walikucheka mpaka ukawa unazunguka nyuma ya kanisa ili usikutane nao. Hukuwa na wa kubadilishana naye CD wala wa kuazimana naye. Lakini sisi watatu hatukuwa na habari. Tulishindana kwenye barabara ileile ya magari hadi tukaijua kuliko njia ya mtoni. Mdogo wetu Kigen alikuwa bado mtoto, na kazi yake ilikuwa kushikilia kifuniko kwa kidole, maana springi ilikufa mapema, mpaka ulipokata kipande cha tyubu ya baiskeli ukakifunga nacho. Kile kibetri cha ndani kilipoisha, ikawa kila tukiiwasha inatuuliza leo ni tarehe gani, nasi tunaijibu lolote. Mama alikuwa akiingia na chai anatukuta tumepandana migongoni tukipiga kelele. Nakubaliana na wazungu wako. Ilikuwa mashine nzuri.

Ulipoondoka uliniachia, ukasema ni yetu sote lakini wewe ndiye mwenyewe. Ndivyo ilivyofika Free Area mimi na Wangui tulipofungua chumba cha gemu. Wangui alileta televisheni na PlayStation alizokusanya moja moja kwa jasho lake baada ya mumewe kumtoroka, mimi nikaleta kodi ya chumba na hicho kizee chako. Nilitaka kukiacha sandukuni. Wangui ndiye aliyekitoa. Unajua sheria za vyumba vya gemu: anayeshinda hang'oki, anayeshindwa anampisha mwingine, na asiye na shilingi anasimama mlangoni akimezea mate michezo ya wenzake. Wangui hakupenda kuona mtoto amesimama mlangoni. Aliiweka Saturn kwenye kona, akatangaza kwamba asiye na kitu akae pale acheze bure mpaka achoke. Akaibatiza Mzee. Jioni tukishafunga yeye mwenyewe aliketi pale, mwanawe Wariara mapajani, akaendesha yale magari mpaka akanishinda hata mimi niliyekulia ndani yake. Kwa hivyo ukiwaeleza marafiki zako kwamba kuna mtu aliyeithamini ile mashine watu wote walipoidharau, taja jina la Wangui.

Nawe humjui kwa kusikia tu. Ulipokuja likizo Krismasi ile ya mwaka juzi ulishinda kwetu siku nzima. Alikupikia chapati, ukala ukamaliza na zangu. Kichwa kilipokuuma ulilala kwenye kitanda chake, kule chumba cha nyuma, na ulipoamka ulimrusha Wariara juu akacheka mpaka akapata kwikwi. Naomba uyakumbuke haya unapoendelea kusoma.

Sasa nifike Januari. Unajua hali ilivyokuwa baada ya kura kati ya kabila letu na kabila la akina Wangui. Kila upande ulilia na kila upande uliliza, na mimi sitaki kuanza kupima machozi ya nani yalikuwa mengi, maana hata watu wetu walifukuzwa walikofukuzwa. Nakuru mjini kulikuwa bado kumetulia, tukadhani tumepona. Mimi na Wangui tuliendelea kufungua, ingawa tulikuwa tunafunga mapema. Alhamisi moja jioni ulinipigia simu. Ulisema umeota vibaya, kwamba Mama hayuko sawa na hataki kutuambia, nami niondoke alfajiri nikamwone, tena nisirudi mpaka Jumapili. Nilikuuliza kama kuna jambo. Ukasema hakuna jambo, ni Mama tu. Wewe ni mkubwa wangu, na neno la mkubwa kwetu halijadiliwi. Ijumaa asubuhi nikaondoka. Nilimkuta Mama anapukuchua mahindi na wanawake wa jirani, mzima kama mchi, akashangaa kuniona.

Mchana ule wakaja. Siwezi kukusimulia nilichokiona kwa sababu sikukiona, nitakupa kama nilivyopewa na Nasimiyu, yule mama wa Kiluhya anayepika githeri na kuuza mboga mlango wa pili. Walikuwa vijana wengi, nyuso zimefungwa vitambaa. Walibeba televisheni, wakabeba PlayStation zote, wakang'oa hata taa. Wangui alikuwa nyuma na mtoto. Aliposikia harufu ya petroli alivunja dirisha, akamsukuma Wariara kwanza, kioo kikamkata mtoto unyayo mpaka mfupani, kisha yeye akapita. Nasimiyu ndiye aliyewaficha chini ya meza yake ya mboga. Chumba kiliungua chote, na nguo zao, na kitanda ulichokilalia.

Saturn haikuungua. Kabla ya kiberiti kuwashwa, kijana mmoja aliitoa imefungwa kwa pazia letu la mlango, akaiweka mikononi mwa Nasimiyu, akamwambia, "Mathe, hii ni ya Jepleting. Usiwachie mtu." Kisha akarudi kwa wenzake. Nasimiyu hana uwongo wala hajui kuficha neno, Wangui alipotoka chini ya meza alimweleza hivyohivyo alivyoambiwa.

Hebu kaa mahali pa Wangui, kaka. Mwenzako wa biashara anaondoka alfajiri ghafla, anadai mamaye ni mgonjwa. Mchana wanakuja kuchoma. Chako kinateketea chote, chake kinatolewa kwa adabu, kimefungwa kama mtoto mchanga, na jina lake linatajwa. Wewe ungefikiria nini?

Barabara zilipofunguka nilikwenda Showground, kwenye kambi walikohamia, nimebeba unga na blanketi mbili. Nilimkuta mbele ya hema anasuka nywele za mtoto. Hakunyanyuka. Aliniuliza jambo moja tu, kama mama yangu alipona. Nikaanza kulia, nikaapa, nikataja jina la Mungu mara nyingi kuliko padri. Alinisikiliza, kisha akasema kwa utaratibu kwamba katika chumba kile kilikuwa na miguu kitu kimoja tu, nacho kilikuwa changu. Akanirudishia blanketi. Wale wanawake wa mahema ya jirani walinitazama nikizikunja. Niliteremka hadi barabarani nimezikumbatia, na tangu siku hiyo sijapata usingizi wa maana. Kupoteza biashara kunauma lakini mtu huanguka na kuanza tena. Kuonwa mwuaji na mtu uliyekula naye sahani moja ni kitu kingine. Sijui kukieleza kwa maneno, nakwambia tu kwamba kinaniuma.

Ile mashine, Nasimiyu aliponikabidhi, nilikaa nayo hapa Njoro chini ya kitanda, siitazami. Siku moja mwezi wa tatu nikalifungua lile pazia kwa hasira, nikitaka kuitupa kwenye shimo la choo. Ndani nikakuta na transfoma. Nikakaa chini. Transfoma ile hatukuwa tunaiweka mezani, watoto wangeishika. Ilikuwa nyuma, uvunguni mwa kitanda cha Wangui, waya umepita chini ya zulia. Mwizi gani, petroli imeshamwagwa, anaingia uvunguni kutafuta chuma kizito kisicho na mnunuzi? Ni yule tu anayejua kwamba bila hicho mashine itaungua. Kila nilipowahesabu wanaojua hilo sikupita watu wanne: mimi, Wangui, wewe na Kigen. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilimfuata Kigen zizini. Mwanzo alikana, akaniambia siasa imeniingia kichwani. Nilipomtajia transfoma, badala ya kuona haya akajitutumua kama aliyefanya jambo la maana. Alisema, "Sista, si ungenishukuru? Kama si mimi hata hiyo ya kwetu ingeungua. Mimi ndio niliwaambia hiyo kitu na jina yako ziheshimiwe." Aliamini kabisa kwamba alinifanyia hisani! Kwamba kuokoa kitu cha dada yake kwenye moto wanaouwasha wao ni mapenzi. Aliniambia hata PlayStation zetu zilikokwenda, ziliuzwa Salgaa kwenye zile lodgi za madereva wa malori, na sasa hivi huenda kuna mtu amejilaza huko anacheza mpira kwa jasho la Wangui. Nilimpiga kofi kwa mkono uliokuwa na mavi ya ng'ombe. Hapo ndipo alipokasirika, akasema kitu ambacho nadhani hakukusudia kukisema.

Alisema nisimwonee yeye peke yake, nimuulize brathe, yaani wewe. Kwamba alikupigia simu Alhamisi ile kabla hujanipigia mimi, akakueleza wazi kwamba vijana wamepanga kwenda kwa Wangui kesho yake. Kwamba hukumkataza. Ulimwambia mambo mawili: nisiwepo, hilo utalishughulikia wewe mwenyewe, na Saturn yako isiguswe, na asisahau transfoma.

Nimesubiri wiki tatu nikitumaini kwamba Kigen alidanganya. Nilitaka kukupigia simu nikaogopa sauti yako. Ndipo ikafika barua yako, ikiniambia niifunge Saturn pamoja na transfoma yake, wala huulizi kama iliungua. Mtu yeyote aliyesikia kwamba chumba chetu kilichomwa, na Mama alikuambia mwezi wa pili, nilikuwepo, angeuliza kwanza kama mashine ipo. Wewe unajua ipo. Uliipigia simu.

Usiniambie ulikuwa mbali. Simu ilikuwa mkononi mwako, na kwangu ilifika bila shida. Usiniambie pia kwamba uliniokoa, kwa sababu mimi sikuwa wa kuokolewa, hakuna aliyekuja kunitafuta. Ungenitolea neno moja tu, ningemshika Wangui mkono na mtoto mgongoni tukaja wote kupukuchua mahindi na Mama. Ulichagua. Ulikuwa na nafasi ya kutoa vitu kwenye moto ule, ukatoa kile ulichonunua kwa mzee Kanji.

Mama ameyajua, Kigen mwenyewe alimkimbilia. Amenisihi ninyamaze, ameniambia damu ni nzito kuliko maji. Nilimuuliza kilichotoka kwenye unyayo wa Wariara kilikuwa nini. Alilia, nami nikalia, lakini sikunyamaza.

Juzi niliitia Saturn kwenye gunia nikarudi Showground. Wangui alikuwa anachambua maharagwe. Sikuomba nikae, nilisimama nikasema yote, la Kigen na lako, bila kupunguza. Nilipomaliza aliniuliza ulinipigia saa ngapi. Nikamwambia jioni, wakati wa kufunga. Akaniuliza kama ni ile simu iliyoingia yeye akiwa anafagia, akaniitia kutoka mlangoni nikusalimie. Ilikuwa ndiyo. Nami nikakumbuka ulivyojibu. Ulisema, "Msalimie pia, yeye na mtoto." Wangui akasema, akichambua maharagwe, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwangu, "Kwa hivyo kulikuwa na usiku mzima."

Sijui kama ananiamini. Aliniruhusu kukaa, na Wariara alinionyesha jinsi anavyotembea sasa, kwa ukingo wa mguu. Sitaki kujidanganya kwamba tumerudi tulikokuwa. Nimemwambia kwamba siku atakapotaka kwenda polisi kuandikisha maelezo nitafuatana naye, na nitataja majina yote mawili, la mdogo wangu na la mkubwa wangu. Hilo nakuambia mapema ili usije ukasema hukuonywa. Wewe angalau unaonywa.

Saturn nimemwachia yeye. Ipo hemani chini ya karatasi ya plastiki, haina umeme, haina pa kuchomekwa, lakini ni yake, kwa sababu kati yetu sote ni yeye peke yake aliyeipa kazi ya maana. Mwambie kijana wa Kipsang asafiri bila mzigo. Kama bado unaitaka kwa ajili ya wale wazungu, njoo mwenyewe uiombe. Nimemwuliza, amesema hatakukatalia. Atakupa kwa mkono wake.

Kwa leo niishie hapa, mkono umechoka na taa inaisha mafuta. Mama anakusalimu na kukuombea, hajui nimeandika. Kigen yupo, anakula na kulala. Majirani wote wanakuulizia, nami huwaambia uko salama. Wangui hakunipa salamu zako. Amenipa swali nami nimeahidi kulifikisha kama lilivyo. Anauliza kama usiku ule ulipata usingizi.

Ni mimi dada yako,
Jepleting